Saruji Kabla ya Kiwanda

Mswahili atajapo saruji, fikira yake huenda kwenye mfuko wa karatasi na unga wa kijivu. Neno lenyewe, hata hivyo, ni kongwe kuliko mfuko huo. Asili yake ni saruj ya Waajemi na Waarabu, na huko Oman saruj si unga wa kiwandani. Ni udongo wa mfinyanzi uliochomwa, ukapondwa, ukachanganywa na chokaa. Joseph Aspdin alipopewa hataza ya saruji ya Portland nchini Uingereza, mwaka 1824, neno lilikwisha kuzeeka. Mgeni alikikuta kiti kina mwenyewe, akakikalia.

Kazi ya saruj ilikuwa ya subira. Udongo ulikandwa kwa maji, ukaanikwa juani hata ukawa mabonge makavu, kisha ukapangwa juu ya magogo ya mitende na kuchomwa kwa siku kadhaa. Kilichobaki kilipondwa. Kwa unga huo waashi walijenga ngome, na walipaka kuta za mifereji ya aflaji ipelekayo maji mashambani. Maana chokaa tupu hukauka kwa kuvuta hewa, na ikizamishwa majini haishiki.

Siri imo katika moto. Joto la nyuzi 600 hadi 850 hivi huyafukuza maji yaliyofungamana na chembe za udongo, nazo chembe hubaki zimevurugika, zina njaa ya chokaa. Zikipata chokaa na maji, huungana nayo zikawa kama jiwe. Moto ukipungua, udongo hubaki udongo. Ukizidi mno, hufa, haushiki tena. Mchomaji hakuwa na kipimo ila macho yake na mazoea ya mikono.

Wala si Waomani peke yao. Vitruvius, mjenzi wa Kirumi, aliagiza vigae vilivyopondwa vitiwe katika mchanga wa mto au wa bahari, sehemu moja kwa tatu. Wahindi waliuita unga wa matofali surkhi, Wamisri homra, Waindonesia semen merah. Mwenye kupenda maneno na atazame: majina yote matatu yana wekundu ndani yake.

Saruji ya Portland huchomwa kwa nyuzi 1450, na mawe ya chokaa yaliyomo hutoa hewa ya ukaa yanapoungua. Ndiyo sababu sekta hii hutoa asilimia 7 au 8 ya hewa hiyo duniani. Katika karne hii wataalamu wa Uswisi, Kuba na India wameunda mchanganyiko uitwao LC3: klinka asilimia 50, udongo uliochomwa 30, mawe ya chokaa yaliyosagwa 15, na jasi 5. Hewa ya ukaa hupungua kwa asilimia 30 hadi 40. Husifiwa kama uvumbuzi, na kwa vipimo vyake ni uvumbuzi kweli; lakini Mswahili hana haja ya kuutafutia jina.

Udongo unaofaa zaidi ni ule wenye kaolini, udongo mweupe. Vilima vya Pugu, nje kidogo ya Dar es Salaam, vimejaa huo.