Siku ya Terekeza

Baba mdogo aliniambia bajaji yake imekufa. Alilisema neno hilo, "imekufa," kama wafugaji wa kwetu wanavyosema habari ya ng'ombe, halafu akanyamaza. Tulikuwa chini ya mwembe nyumbani kwake, Tabora, na bajaji yenyewe imeegeshwa pembeni ikiwa imefunikwa kipande cha turubai. Ilikuwa na majuma matano haijatoka barabarani.

Ni bajaji ya umeme. Aliinunua kwa mtu kwa fedha zote alizopata alipouza ile ya petroli, na nyingine kidogo alizokopa kwenye kikoba. Chini ya kiti cha abiria kulikuwa na betri tano za risasi, kila moja volti 12. Aliyemuuzia alimpa wosia mmoja: usiichaji mpaka chaji iishe kabisa. Ukiichaji ikiwa na nusu, betri inazoea uvivu. Baba mdogo ni mtu wa kushika maagizo. Kwa miezi saba aliiendesha mpaka isimame yenyewe, mara mbili aliisukuma kutoka stesheni hadi nyumbani, na usiku huo ndipo alipoichaji. Mwezi wa nane chaji ikawa haifiki saa moja.

"Wewe si umesoma," aliniambia. "Nilikosea wapi?"

Nimesoma historia, si umeme. Lakini swali lilinikera, nikalifuatilia. Wosia ule haukuwa uongo mtupu, ulikuwa ukweli wa betri nyingine. Betri za nikeli na kadimiamu, zilizotumika kwenye redio za mkononi na simu za kwanza, kweli zilikuwa na tabia ya kupunguza uwezo zikichajiwa mara kwa mara kabla ya kuisha. Betri ya risasi ni kinyume chake. Ikiachwa tupu, chembe ngumu za salfeti hujijenga juu ya bamba zake, na kila siku inayokaa tupu zinazidi kuwa sugu. Inataka kuchajiwa kila jioni, hata kama imetumika robo tu. Betri za lithiamu, zilizomo kwenye magari mengi ya umeme ya sasa, nazo hazipendi kufikishwa sifuri. Kwa matumizi ya kila siku, nyingi hudumu zaidi zikichezea kati ya asilimia 20 na 80.

Kwa hiyo baba mdogo aliua betri zake kwa utii.

Siku zile nilikuwa nasoma habari za misafara iliyopita kwetu kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji, na hapo ndipo mambo mawili yalipoanza kuchanganyika kichwani mwangu. Kabla ya kufika Unyamwezi, msafara uliotoka pwani ulikatisha Ugogo, ambako watemi walitoza hongo na maji yalikuwa haba, kisha ukaingia pori lililoitwa Mgunda Mkali. Upande wa pili wa pori ndipo ilipokuwa Tura, kisha Rubuga, kisha Kigwa; majina ya Tura na Kigwa bado yapo kwenye ramani ya wilaya ya Uyui. Richard Burton na John Speke walitoka pwani mwishoni mwa Juni 1857, wakafika Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba. Zaidi ya miezi minne, kwa miguu na kwa punda.

Siku ya kawaida msafara uliondoka kabla ya mapambazuko na kutua kabla jua halijawa kali, mahali penye maji na chakula. Lakini palikuwa na sehemu ambazo maji yalikuwa mbali kuliko mwendo wa asubuhi moja. Hapo kirangozi alitangaza terekeza. (Leo tukisikia telekeza tunamfikiria mtoto aliyeachwa na baba yake. Terekeza ya wapagazi ilikuwa mwendo.) Asubuhi hawakuondoka. Walikaa penye maji ya mwisho, wakapika, wakala, wakanywa mpaka basi, wakajaza vibuyu. Mchana jua likishapita utosi ndipo walipojitwika mizigo, wakatembea mpaka giza, wakalala pakavu bila kupika, na alfajiri wakaondoka tena ili wayafikie maji kabla ya joto. Mwendo wa siku mbili ukamalizwa kwa kinywaji kimoja.

Nilichokiona hapo ni kitu kidogo. Hakuna mpagazi aliyepita kisimani na kibuyu chenye nusu akasema ngoja kiishe kwanza. Alijaza kila alipotua, kwa sababu kutua kulikuwapo hata hivyo.

Sisi tumelelewa na petroli. Mafuta huyatafuti nyumbani, unayafuata kituoni, unajaza kwa dakika tano, unaondoka. Ndiyo maana swali la kwanza analoulizwa mwenye chombo cha umeme ni lilelile: full inafika wapi? Na la pili: kituo cha kuchajia kiko wapi? Gari dogo la umeme hutumia kama yuniti 15 kwa kilomita 100. Mtu anayezunguka mjini kilomita 50 kwa siku ametumia saba na nusu. Soketi ya kawaida ya ukutani, ukiivuta kwa ampea 10 tu, inakupa yuniti zaidi ya mbili kwa saa. Saa nne gari limelala uani, deni limelipwa. Safari ndefu, Tabora kwenda Dodoma kwa mfano, ni habari nyingine. Hiyo inadai kupanga wapi utatua, na chaja za haraka zenyewe hupunguza kasi betri inapokaribia kujaa, maana linaloamua ni gari, si chaja. Kungojea asilimia 100 njiani mara nyingi ni kupoteza muda.

Hata kubadilisha betri, jambo ambalo watu hulisimulia kama ajabu la juzi, lina umri. Teksi za umeme zilizunguka London mwaka 1897 na New York miaka hiyohiyo, na gereji zao zilitoa betri iliyochoka na kuingiza nyingine. Bodaboda za umeme za Kigali na Nairobi zinafanya hivyo leo. Na Tabora ilikuwa gereji ya namna hiyo: wapagazi waliotoka pwani mkataba wao uliishia hapa, mwenye msafara akatafuta wengine wa kumfikisha Ujiji. Burton alikwama Kazeh majuma kadhaa kwa ajili hiyo.

Mfano huu naupenda na unanitia aibu. Betri haina mama. Wapagazi Wanyamwezi walikuwa watu wa ujira, walijua kazi yao na kuidai haki yao, na wengi walifia njiani kwa ndui na njaa wakiwa wamejitwika zaidi ya kilo 30. Na katika njia ileile, wakielekea pwani, walipitishwa waliofungwa minyororo, ambao hawakuwa na mkataba wowote wa kuishia Tabora. Nikimsimulia baba mdogo habari ya terekeza huwa sifiki hapo. Huenda ningefika.

Mama mdogo alikuwa na hofu zake. Ya kwanza, LUKU. Alidhani bajaji ndiyo iliyokuwa inameza yuniti za nyumba. Tulisoma pamoja kibandiko cha chaja: chini ya kilowati moja, haifiki hata pasi yake. Tofauti ni kwamba pasi haiachwi usiku kucha. Ya pili ilikuwa mvua. Hapo sikumcheka. Plagi za magari ya umeme hazipitishi umeme mpaka zikae sawasawa na gari lenyewe likubali, hivyo gari huchajiwa hata masika. Lakini bajaji ile ilichajiwa kwa ekstensheni nyembamba iliyopita dirishani na kulala kwenye udongo. Ukiishika ilikuwa ya moto. Hofu ya mama mdogo ilikuwa na haki, ila ilikuwa inaitazama mvua badala ya waya.

Fedha za betri mpya zilipatikana kwa shida: kikoba tena, na madumu mawili ya asali yaliyokuwa yanangojea bei nzuri. Fundi aliweka soketi barazani, na waya mnene. Betri zilipofungwa, baba mdogo alitaka safari ya kujaribu, tukaenda Kwihara, kwenye tembe alilokaa Livingstone mpaka alipoondoka Agosti 1872 kwa safari yake ya mwisho. Hakuingia ndani. Alikaa nje akiutazama mshale wa chaji.

Tuliporudi mshale ulikuwa umeshuka kidogo tu. Alizima, akashuka, akashika plagi, akanitazama.

"Ina zaidi ya nusu," alisema.

"Chomeka, baba."

Akachomeka, akabaki amesimama pale barazani, mkono bado uko kwenye soketi, anasikiliza kama chaja inavuma.