Mizimu ya Daraja la Tsavo: Mighani, Kalamu na Wasiohesabiwa

Utangulizi

Miongoni mwa mighani zilizozaliwa na ujenzi wa Reli ya Uganda, hakuna iliyovuma kuliko ile ya simba wawili wa Daraja la Tsavo. Aghalabu mighani hii husomwa kama kisa cha uwindaji, na imani kwamba simba hao walikuwa mizimu huchukuliwa kuwa pambo tu, au ithibati ya ujinga wa vibarua. Makala haya yanadai kinyume chake. Imani hiyo ndiyo sehemu ya kisa ambamo sauti ya vibarua inasikika waziwazi zaidi, ijapokuwa imehifadhiwa na kalamu ya mtu aliyeidharau.

Usuli wa Mighani

Reli ilianza kutandikwa Mombasa mwaka 1896, ikaufikia mto Tsavo, takriban maili 132 kutoka pwani, mwaka 1898. Mhandisi J. H. Patterson aliwasili Machi mwaka huo, akakabidhiwa kazi ya kujenga daraja la kudumu. Muda si muda, vibarua wakaanza kunyakuliwa usiku mahemani mwao. Maboma ya miiba hayakufaa kitu, wala mioto, wala mitego. Simba wa kwanza aliuawa tarehe 9 Desemba 1898, na wa pili tarehe 29 mwezi uo huo. Daraja likakamilika mapema mwaka 1899.

Sababu za kimaumbile zimechunguzwa vya kutosha. Sotoka ilikuwa imewafyeka ng'ombe na nyati katika miaka ya 1890. Fuvu la mmojawapo wa simba hao, lililohifadhiwa katika Jumba la Makumbusho la Field mjini Chicago, lina chonge lililovunjika na dalili za jipu. Hata hivyo, maelezo haya yanabainisha kwa nini simba walikula watu. Hayabainishi kwa nini watu walisimulia kwamba hao hawakuwa simba.

Mkataba na Shetani

Katika kitabu chake cha mwaka 1907, The Man-Eaters of Tsavo, Patterson anaeleza kwamba vibarua walishikilia kuwa hao ni mashetani katika umbo la simba, na kwamba kuwapiga risasi ni kazi bure. Walisema ni roho za wakuu wawili wa nchi hiyo waliokwisha kufariki, waliorudi kupinga reli isipite katika ardhi yao na kulipiza kisasi cha dharau waliyotendewa. Dhana hii haikuelea hewani. Septemba 1898 waashi walikuwa wamekula njama ya kumuua Patterson kutokana na mgogoro wa kazi na ujira. Tarehe 1 Desemba vibarua waligoma. Kwa mujibu wa Patterson mwenyewe, walimweleza kuwa walitoka Bara Hindi kwa mkataba wa kuitumikia serikali, si kuwa chakula cha simba wala cha mashetani. Mamia yao wakalisimamisha gari moshi kwa kujilaza relini, wakalipanda na kutoroka. Kazi ya daraja ikakwama kwa muda wa majuma matatu hivi.

Hoja hiyo ya vibarua inastahili kuzingatiwa na mhakiki. Ndani yake mkataba na shetani vimewekwa bega kwa bega. Msemaji haoni mgongano kati ya lugha ya sheria na lugha ya mizimu. Zote mbili anazitumia kukataa kazi inayoua. Isitoshe, wageni hawa kutoka Punjab na kwingineko walikiri, kupitia mighani, jambo ambalo serikali ya kikoloni haikulikiri: kwamba nchi ile ilikuwa na wenyewe, na kwamba wenyewe hao hawakuulizwa.

Mzimu Usio na Jina

Hata hivyo, mighani hii ina pengo. Katika imani za jamii nyingi za Kibantu, mzimu ni wa mtu fulani: una jina, una mahali pake, una jamaa wanaoutolea sadaka. Wakuu wawili wa Patterson hawana majina wala uzao. Hawaambiwi kama ni Wataita, Wakamba au Wawaata. Hapa kalamu imefanya kazi ya kukata. Imeihifadhi hofu, ikaupoteza ukoo wake.

Ukataji huo unajitokeza pia katika hesabu. Patterson aliwataja Wahindi 28 waliouawa, na kuhusu Waafrika akakiri kwamba kumbukumbu rasmi haikuwekwa. Baadaye alidai jumla ya watu 135, ilhali uchunguzi wa kisayansi uliochapishwa mwaka 2009 ulikadiria walioliwa kuwa takriban 35. Ikumbukwe kwamba kati ya Wahindi 31,983 walioletwa kuijenga reli, 2,493 walikufa. Simba wawili wakapata umaarufu wa dunia. Maradhi na ajali, zilizoua wengi mno kuliko wao, hazikupata mighani.

Filamu ya mwaka 1996, The Ghost and the Darkness, iliukamilisha mkondo huu. Mizimu ikawa majina ya simba, na dai la ardhi likafifia. Kilichokuwa shtaka la vibarua kikageuka kitisho cha kuburudisha hadhira.

Hitimisho

Kuisoma mighani ya Tsavo kwa haki si kuamini kwamba simba walikuwa mizimu, wala kuwacheka walioamini. Ni kuuliza nani alisema, nani aliandika, na nini kilidondoka njiani. Jukumu la mtafiti wa fasihi simulizi ni kuzikusanya masimulizi za jamii zinazoizunguka Tsavo na kuzilinganisha na kitabu cha Patterson. Bila kazi hiyo, Waafrika waliofia kando ya daraja lile, ambao hakuna aliyewahesabu, wataendelea kukumbukwa kupitia hesabu ya mtu ambaye hakuwaandika.