Kinga Kujishambulia: Istilahi ya Tezi na Uzazi

“Mama, meza mate.” Daktari amesimama nyuma ya mgonjwa, vidole vyake viko chini kidogo ya kikoromeo. Mgonjwa anapomeza, tezi dundumio hupanda na kushuka chini ya vidole hivyo, na daktari anahisi kama imevimba. Tezi hiyo hutengeneza homoni zinazoongoza kasi ya mwili: mapigo ya moyo, joto, umeng’enyaji wa chakula, hata mpangilio wa hedhi.

Katika uwanda wa Ufipa, kusini-magharibi mwa Tanzania, rovu, yaani shingo iliyovimba, ni jambo la siku nyingi. Uwanda huu uko juu na mbali na bahari, na mvua imeosha madini joto kutoka kwenye udongo wake kwa karne nyingi. Mahindi, ulezi na maharage yanayolimwa humo huyakosa vilevile, na tezi inayokosa madini joto hutanuka. Kuanzia miaka ya 1980 Tanzania iligawa vidonge vya mafuta yenye madini joto katika wilaya zilizoathirika zaidi, na miaka ya 1990 sheria ikataka chumvi ya kula iongezwe madini hayo. Ndiyo maana pakiti ya chumvi dukani Sumbawanga, mji wa Ufipa, imeandikwa “madini joto”.

Lakini kuna uvimbe wa tezi usiotokana na udongo. Mwaka 1912 daktari wa Japani, Hakaru Hashimoto, aliandika habari za wanawake wanne ambao tezi zao zilikuwa zimejaa chembe nyeupe za damu. Mwaka 1956 Ivan Roitt, Deborah Doniach na wenzao walionyesha, jijini London, kwamba damu ya wagonjwa wa aina hii ina kingamwili zinazolenga protini ya tezi yenyewe. Hali hiyo ndiyo otoimuniti. “Oto” limetoka Kigiriki, maana yake “nafsi”.

Tuiiteje kwa Kiswahili? “Kinga nafsi” inasikika kama jambo jema, mtu kujikinga. “Ugonjwa wa kinga” ni hatari zaidi, kwa sababu UKIMWI ni Upungufu wa Kinga Mwilini. Mwanamke akiambiwa “kinga yako ina matatizo”, anaweza kurudi nyumbani na hofu ya ugonjwa asio nao, na mume akaanza kumshuku. Hapa kinga haijapungua. Ina nguvu zake, ila imekosea adui. Kwa hiyo naitetea istilahi “kinga kujishambulia”, na kwa ugonjwa huu, “kinga kushambulia tezi dundumio”. Ni ndefu, lakini inasema nani anamfanya nani nini.

Uzazi unaingiaje? Tezi ikiharibiwa taratibu, homoni zake hupungua. Ubongo huongeza amri za kuihimiza, na amri hizohizo huweza kupandisha prolaktini, homoni ya maziwa, ambayo huzuia yai kupevuka. Hedhi huvurugika, mimba huchelewa au huharibika. Wanawake hupata ugonjwa huu mara nyingi zaidi, lakini wanaume hawajasalimika: homoni za tezi zikipungua au zikizidi, hamu ya tendo hushuka, na mbegu zaweza kupoteza umbo au kasi. Neno “tasa” hutupiwa zaidi mwanamke. Heri tutumie “ugumba” kwa wote wawili, maana vipimo vinawahusu wote.

Vidole pekee havitofautishi rovu la kukosa madini joto na tezi iliyoshambuliwa. Damu ndiyo inayosema: kwanza kipimo cha TSH, yaani homoni ambayo ubongo huitumia kuihimiza tezi, kisha kingamwili za tezi inapohitajika. Kula chumvi kwa wingi si dawa. Madini joto yakizidi yanaweza kuuchochea ugonjwa huu. Wala hilo si sababu ya kuiacha chumvi yenye madini joto, kwa maana ubongo wa mtoto aliye tumboni unayahitaji.

Homoni zikiwa zimepungua, kidonge cha levothairoksini kila siku huziba pengo, na dozi yake kwa kawaida huongezwa mimba inapotunga. Kingamwili zikionekana huku homoni zikiwa sawa, ni habari nyingine. Utafiti wa Uingereza uliotolewa mwaka 2019 uliwafuatilia wanawake 952 wa namna hiyo, waliowahi kuharibikiwa mimba au kuhangaika kupata mtoto. Waliojifungua mtoto hai walikuwa asilimia 37.4 kwa waliopewa dawa na 37.9 kwa waliopewa kidonge kisicho na dawa. Kuwa na kingamwili, basi, si hukumu ya ugumba.

Wanandoa waliokaa mwaka mzima wakitafuta mtoto bila mafanikio waende hospitali pamoja, na wote wawili waulize: je, tezi dundumio imepimwa? Mhudumu naye awajibu kwa maneno ambayo mke na mume watayaelewa sawasawa, kabla lawama hazijamwangukia mmoja wao.