Darjeeling: baraza lililokabidhiwa milima bila sheria

Kabla hajawa kiongozi wa Wagorkha, wasemaji wa Kinepali wa milima ya Darjeeling, Subhash Ghisingh alikuwa askari, kisha mwandishi wa riwaya za Kinepali. Mwaka 1980 aliunda chama cha GNLF kudai Gorkhaland, jimbo litakalojitenga na West Bengal lakini libaki ndani ya India. Dai la kujitawala lilikuwepo tangu 1907, enzi za Waingereza, ambao walikuwa wameichukua Darjeeling kutoka Sikkim mwaka 1835 wakaifanya mji wa kukimbia joto na milima ya chai. Vibarua wengi wa mashamba yale walitoka Nepal. Wajukuu wao, waliozaliwa India, walichoka kuitwa wageni.

Kati ya 1986 na 1988 damu ilimwagika. Inakadiriwa watu zaidi ya 1,200 waliuawa. Agosti 1988 Ghisingh alitia saini mkataba mjini Calcutta na serikali kuu ya India chini ya Rajiv Gandhi pamoja na ile ya jimbo la West Bengal, iliyoongozwa na Jyoti Basu. Dai la jimbo likawekwa kando, likazaliwa Baraza la Milima ya Gorkha la Darjeeling.

Kwenye karatasi lilipendeza. Madiwani walikuwa 42, kati yao 28 wa kuchaguliwa na 14 wa kuteuliwa, na kazi za maendeleo ya milimani zikawekwa mikononi mwao. Ila baraza halikuruhusiwa kutunga sheria hata moja, na kwa fedha liliitegemea serikali ileile ambayo wananchi walitaka kuachana nayo. Kwa maoni yangu, kasoro kubwa ya mkataba ilikuwa hapo: waliowapoteza ndugu zao kwa ajili ya jimbo walipewa ofisi ya kusimamia miradi.

Ghisingh aliliongoza baraza kwa takriban miaka 20. Uchaguzi wa mwisho ulifanyika 1999. Muhula ulipokwisha hakuna kura iliyoitishwa, akabakizwa kama msimamizi. Hasira za wananchi zilipata mlango mahali pasipotarajiwa. Mwaka 2007 Prashant Tamang, polisi kijana wa Kigorkha, aliingia kwenye shindano la uimbaji la televisheni, Indian Idol, na milima yote ikampigia kura hadi akashinda. Bimal Gurung, aliyekuwa mtu wa Ghisingh, aliongoza kampeni hiyo, na mwaka huohuo akaanzisha chama kipya kilichomng'oa bosi wake wa zamani mwaka 2008.

Mwaka 2011 ukaja mkataba mwingine na chombo kingine cha kuiendesha milima, GTA, nacho kikanyimwa uwezo wa kutunga sheria. Serikali ya jimbo ilipotangaza mwaka 2017 kwamba Kibengali kitafundishwa mashuleni kwa lazima, Darjeeling ilifunga maduka na shule kwa siku 104. Kwa miaka mingi pia vijiji vilikaa bila viongozi waliochaguliwa na wananchi wenyewe: baada ya uchaguzi wa mabaraza ya vijiji wa mwaka 2000, mwingine ulifanyika Julai 2023.