Kifo cha Semira Adamu: Ubelgiji, 1998

Leo tutazame jinsi serikali moja ya Ulaya ilivyojibu juu ya kifo.

Machi 1998 binti wa Nijeria, Semira Adamu, mwenye miaka 20, alifika Ubelgiji akaomba hifadhi. Alisema kwao analazimishwa kuolewa na mzee. Serikali ilimkatalia, ikamweka kizuizini karibu na uwanja wa ndege wa Brussels. Mara kadhaa ilitaka kumrudisha, naye akakataa.

Tarehe 22 Septemba askari walimpandisha tena katika eropleni, amefungwa pingu. Wakamkandamiza uso kwa mto ili anyamaze. Mwenzao alikuwa akipiga picha za sinema! Jioni ile binti akafa.

Sasa sikiliza vizuri. Mto ule haukuwa ukorofi wa askari mmoja. Uliruhusiwa katika maagizo ya serikali yenyewe. Basi ni nani aliyeua: aliyeshika mto, au aliyeandika karatasi?

Waziri wa Mambo ya Ndani, Louis Tobback, alijiuzulu siku chache baadaye. Hili si jambo dogo. Mawaziri wengi hung'ang'ania kiti. Lakini angalia, kujiuzulu si kushtakiwa. Kizimbani walisimama askari 5 tu. Ilipita miaka 5, ndipo Desemba 2003 wanne kati yao wakatiwa hatiani, na vifungo vyao vikaahirishwa, hawakuingia gerezani. Serikali nayo iliamriwa kulipa fidia. Mto ulikuwa umekwisha kupigwa marufuku.