Kisahani cha gome, mchezo usio na refa

Ukiteremka kutoka Mbulu mjini kwenda Yaeda Chini, baridi ya mlimani inabaki nyuma yako kona kwa kona. Mashamba ya Wairaqw yanapungua, mibuyu inaanza, na mara unapishana na ng'ombe wa Wadatoga. Huku bondeni, kuelekea Ziwa Eyasi, ndiko waliko Wahadzabe, watu zaidi kidogo ya 1,000, baadhi yao wakiishi hadi leo kwa kuwinda, kurina asali na kuchimba mizizi. Nimeamua kuanzia huku habari za timu za taifa za wanawake zinazocheza frisbi, mchezo wa kurushiana kisahani cha plastiki. Kisahani cha kurusha si kigeni Yaeda. Na mchezo usio na refa si kigeni pia.

Wahadzabe wana mchezo wao uitwao lukuchuko. Wanaume hukusanyika chini ya mti, kila mmoja na kisahani chake alichokichonga kwenye gome. Gome lina pande mbili: wa nje unakwaruza, wa ndani ni laini. Visahani vyote hushikwa pamoja na kimoja kikubwa kuliko vingine, kisha mrushaji huvibamiza kwenye shina. Vinaruka, vinatawanyika mavumbini, na wote wanainama kutazama. Yule ambaye kisahani chake peke yake kimelala sawa na kile kikubwa ndiye aliyeshinda. La sivyo, vinarushwa tena.

Mwanaanthropolojia Mwingereza James Woodburn, aliyeanza kuishi na Wahadzabe mwaka 1958, aliuchukulia mchezo huu kwa uzito kuliko wageni wengi. Watu waliweka dau mishale ya sumu, visu, shoka, shanga, nguo, viko vya mawe, hata asali. Upinde haukuwekwa dau, wala mishale ya kupigia ndege, wala mfuko wa ngozi. Yaani mtu hakucheza kamari na chakula cha kesho yake. Woodburn aliona kwamba lukuchuko ilikuwa ikizungusha mali. Kiko cha jiwe linalopatikana upande mmoja tu wa nchi ya Wahadzabe kilikutwa kote walikoishi, kimepita mikono mingi. Aliyepata leo alipoteza kesho, na hakuna aliyejilimbikizia. Wahadzabe hawana chifu, basi hata chini ya mti ule hakukuwa na mkubwa wa kuamua. Macho ya wote ndiyo yaliyoamua.

Sasa tuuangalie mwaka 1968, mwaka mchezo wa frisbi ulipozaliwa. Miaka michache kabla yake, serikali ya nchi yetu changa, Tanzania, ilikuwa imejaribu kuwakusanya Wahadzabe wakae Yaeda Chini. Maradhi yakawapiga, na wengi wakarudi porini. Mwaka huo huo wa 1968, tarehe 20 Oktoba, John Stephen Akhwari, kijana wa Mbulu, alianguka katika mbio za marathoni jijini Mexico, akaumia goti. Walioanza walikuwa 75. Akhwari alimaliza wa 57, wa mwisho kati ya waliofika, kwa saa 3 dakika 25 na sekunde 27, zaidi ya saa nzima baada ya Mamo Wolde wa Ethiopia kushinda. Aliingia uwanjani giza limeshaingia, mguu umefungwa bendeji, akichechemea. Kila mtoto wa Mbulu ameisikia habari hii, na inastahili kusikiwa.

Na mwaka huo huo, katika mji wa Maplewood jimboni New Jersey, Marekani, mwanafunzi aitwaye Joel Silver aliwapendekezea wenzake wa sekondari ya Columbia mchezo mpya. Kisahani chenyewe kilikuwapo tayari. Jina lake lilitokana na kampuni ya Frisbie ya Bridgeport, Connecticut, iliyouza mikate ya matunda katika sahani za bati, na vijana walizoea kurushiana sahani hizo mikate ikiisha. Fred Morrison akatengeneza ya plastiki, na kuanzia 1957 kampuni ya Wham-O ikaiuza. Walichokifanya wanafunzi wa Maplewood ni kukitungia kisahani sheria. Walicheza kwenye maegesho ya magari ya shule, usiku, chini ya taa. Timu ya gazeti la shule dhidi ya timu ya serikali ya wanafunzi. Tarehe 6 Novemba 1972 vyuo vikuu vya Rutgers na Princeton vikapambana, Rutgers wakashinda 29 kwa 27, na mchezo ukaanza safari.

Sheria zenyewe si ngumu. Wachezaji ni 7 kila upande, na uwanja una urefu wa mita 100 na upana wa mita 37. Kisahani kina uzito wa gramu 175. Ukikidaka huruhusiwi kukimbia nacho. Una sekunde 10 za kumrushia mwenzako, na anayezihesabu kwa sauti ni mpinzani aliyesimama mbele yako. Kikianguka, ni chao. Ukikidaka ndani ya eneo la mwisho, umepata bao.

Lakini jambo lililonivuta mimi ni jingine. Hakuna refa, hata kwenye mashindano ya dunia. Ukichezewa rafu unasema mwenyewe, aliyekuchezea anakubali au anakataa, mnazungumza hapo hapo, mkishindwa kuelewana kisahani kinarudi kwa aliyekirusha. Mechi ikiisha, timu mbili zinafanya duara moja, na kila moja inaipa nyingine alama za uungwana. Iko zawadi yake kabisa. Fikiria fainali ya dunia, watu wamechoka, jasho linaingia machoni, na dada mmoja anasema kwa hiari yake kwamba kile kisahani kiligusa nyasi kabla hajakidaka.

Wanawake hawakukaa pembeni muda mrefu. Mashindano ya dunia ya mwaka 1983 mjini Göteborg, Sweden, yalikuwa na kundi lao. Mwaka 2012 Wajapani walitwaa dhahabu nyumbani kwao, mjini Sakai. Mwaka 2016 London, fainali ilikuwa ya Marekani na Kolombia. Kolombia! Nchi ambayo haikuurithi mchezo huu kwa mtu ilifika pale mbele ya mataifa yenye fedha na viwanja. Mwaka 2015 Kamati ya Olimpiki ya Kimataifa ililitambua rasmi shirikisho la dunia la mchezo huu, na mwaka 2024 mataifa yakakutana Gold Coast, Australia. Kwetu Afrika Mashariki kisahani kinarushwa Nairobi na Kampala.

Naitaja Kolombia kwa sababu nyingine. Oktoba 2022, mabinti wetu wa Serengeti Girls, wenye umri chini ya miaka 17, walikwenda India wakiwa timu ya kwanza ya Tanzania kucheza fainali za Kombe la Dunia la soka. Japani iliwafunga 4–0. Wengi tulizima redio tukijua yamekwisha. Siku tatu baadaye wakaifunga Ufaransa 2–1, kisha wakatoka sare 1–1 na Kanada, wakaingia robo fainali. Kolombia ndiyo iliyowatoa, 3–0. Kutoka Theresia Dismas aliyeleta medali ya fedha ya mkuki kutoka Brazzaville mwaka 1965, mwanamke wa kwanza wa Tanzania kupata medali ya kimataifa, mpaka mabinti wale wa India, ni miaka 57.

Huku Yaeda lukuchuko ni mchezo wa wanaume, sitaki kulificha hilo. Ila wasichana wana mbio zao. Matunda pori yakiiva, Wahadzabe wa kambi mbalimbali hukutana kwa sherehe ya mabinti wanaovunja ungo, iitwayo maitoko. Mabinti hupakwa mafuta, hupambwa shanga, kisha hushika fimbo zao na kuwafukuza vijana wa kiume kuwachapa. Wavulana wanakimbia kweli kweli, wanakwepa huku na huku kati ya vichaka, na mabinti wanawafuata, wanakata kona, wanawapata. Kesho yake mabinti hao hao wanatoka na mama zao kuchimba mizizi kwa vijiti vilivyochongwa na kukaushwa kwa moto, saa nyingi juani.

Nikitazama pumzi ile, na jamii iliyozoea kuamua mambo yake bila mkubwa wa kupuliza filimbi, naona wachezaji ambao kocha wa kisahani angewatafuta kwa miaka. Yaeda Chini ina shule ya msingi, na watoto wa Kihadzabe, Kidatoga na Kiiraqw wanasoma pamoja. Kiangazi, maji ya mbuga ya Yaeda yakikauka, unabaki uwanda mweupe, tambarare, usio na jiwe wala kichaka. Mita 100 kwa 37 unazipima kwa hatua, unaweka alama za magome kwenye pembe, na wasichana 14 wanaanza.