Nyumba za Vioo Kawe: Kivuli Kabla ya Kiyoyozi

Katika ufukwe wa Kawe, Dar es Salaam, kama ilivyo Mbezi na Msasani, ukuta wa kioo umekuwa alama ya nyumba ya kisasa. Maarifa mengi ya kupunguza matumizi ya nishati katika nyumba hizo yalizaliwa kwenye nchi za baridi, ambako kioo hutakiwa kuingiza jua msimu mmoja na kulizuia msimu mwingine. Kawe haina mwezi unaodai nyumba ipashwe joto. Makala hii inatetea mpangilio tofauti wa vipaumbele: kwanza kivuli cha nje, pili upepo, na aina ya kioo mwisho.

Hesabu inaonyesha sababu. Kioo cha kawaida kisicho na rangi hupitisha takriban asilimia 80 ya joto la jua. Jua la saa kumi alasiri likiupiga ukuta wa magharibi kwa wati 500 kwa kila mita ya mraba, wati 400 huingia ndani. Mita za mraba 10 za kioo huingiza kilowati 4, ilhali kiyoyozi cha BTU 12,000 huondoa kilowati 3.5 tu. Kwa upande mwingine, nje kukizidi ndani kwa nyuzi 6, joto linalopenya kwa tofauti hiyo ni kama wati 35 kwa mita ya mraba. Kioo cha tabaka mbili hupunguza hasa hizo 35; zile 400 hupungua kidogo. Pazia nalo limechelewa, kwani linakutana na joto likiwa limeshavuka kioo.

Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, hivyo jua la adhuhuri huwa kaskazini Juni na kusini Desemba. Adhuhuri ya Juni, paa lililotokeza mita 1.2 hufunika kioo cha kaskazini chenye kimo cha mita 2. Upande wa kusini, Desemba, sentimita 60 zinatosha. Mashariki na magharibi jua huja likiwa chini, hivyo paa pekee halifui dafu. Huko panahitajika bamba za wima, matofali ya matundu, miti au veranda pana.

Hapo ndipo mwenye kiwanja Kawe hukwama: bahari iko mashariki, na upande huohuo hupokea pepo za kusi na kaskazi pamoja na jua la asubuhi. Kuufunga ni kupoteza upepo. Suluhisho ni kuweka kioo nyuma ya veranda ya kina, kisha kupanga ngazi, stoo na bafu magharibi, zikiwa na matundu ya juu ya kutolea hewa. Aina ya dirisha nayo huamua upepo unaoingia: dirisha la aluminiamu la kusukuma hufunguka nusu tu. Dirisha la luva hufunguka karibu lote. Usasa haupingani na uwazi: Soko la Kariakoo, alilolisanifu Beda Amuli miaka ya 1970, lilipata kivuli kwa miavuli ya zege na hewa kwa pande zilizoachwa wazi.

Wapo watakaotaja mbu, wezi na usiku wa Machi usiopoa. Wana haki. Nyavu hupunguza upepo, kwa hiyo madirisha yawe makubwa zaidi na yawekwe nondo. Chumba cha kulala kiweze kufungwa na kupozwa peke yake. Kiyoyozi kitabaki, ila kitahudumia chumba kimoja badala ya sebule nzima ya kioo.

Kwa kuwa gharama ya kosa la kuacha kioo bila kivuli hulipwa kupitia umeme wa LUKU kwa miaka mingi, kosa hilo lafaa kuzuiwa kwenye mchoro. Manispaa ya Kinondoni ingeweza kudai kila ombi la kibali lionyeshe kivuli cha kila kioo saa tatu asubuhi na saa kumi alasiri.